Uchovu wa Chuma cha Tabaka

Shafti ya dingdong haikatiki siku ilipobebeshwa gogo kubwa kuliko yote. Hukatika siku ya kawaida, saa tatu asubuhi, ikipasua ubao wa mbili kwa nne kama maelfu iliyokwisha kupasua, na mwenye mashine hubaki akiwatuhumu vijana wake kwamba wameihujumu. Katika mashamba ya misindano na mikaratusi ya Njombe mashine hizi ndogo za kupasulia mbao ziko kila upande, na gereji za Makambako zinaishi kwa kuzitengeneza, sambamba na malori ya njia ya Tunduma. Omba kuonyeshwa shafti iliyokatika, uitazame usoni. Utaona sehemu mbili. Moja ni laini, imesuguliwa hadi inang'aa, ina mistari ya kupinda inayopanuka kutoka ukingoni kama pete za gogo lililokatwa. Nyingine ni ya kijivu, yenye chembechembe, imeraruka. Ile laini imechukua wiki au miezi kutengenezeka; ile ya kijivu imechukua chini ya sekunde moja.

Fuata mistari hiyo kurudi nyuma na utafika mahali ilipoanzia. Mara nyingi ni kona kali ya mfereji unaoshika puli, au mchubuko wa grenda, au mahali ambapo fundi aliwahi kujaza. Kujaza shafti ni kazi ya kila siku. Beringi imekula chuma, shafti imepungua milimita mbili, spea iko Dar es Salaam au haipo kabisa. Basi fundi anachomelea mistari ya chuma kuizunguka, mstari kando ya mstari, tabaka juu ya tabaka, kisha inapelekwa kwa mkerezaji airudishe kwenye kipimo. Inatoka inang'aa kuliko mpya. Ukiivuta kwenye mashine ya kupimia nguvu, huenda ikahimili mzigo ule ule wa zamani au zaidi. Ikirudi kazini, inakatika pale pale ilipojazwa, tena mapema.

Kiwanda kinachochapa kipuri cha ndege kwa leza kinafanya kazi ya ukoo huo huo: kinayeyusha chuma kidogo kidogo na kukigandisha juu ya kilichotangulia. Tofauti iko kwenye usahihi, usafi na gharama. Ugonjwa nao ni wa ukoo mmoja. Ndiyo maana swali la uchovu wa metali zilizochapwa, ambalo limejaza maabara za Ulaya, Marekani, Japani na China, linamhusu fundi wa Makambako kuliko linavyoonekana. Nami nina msimamo juu yake. Printa za leo zimekwisha kutoa chuma chenye nguvu. Uhai wa kipuri huamuliwa na kazi inayofanyika baada ya printa kuzimwa. Mkoa unaotaka kuingia kwenye teknolojia hii uanze na tanuri, mkerezaji mzuri na vifaa vya kukagua nyufa. Printa isubiri.

Uchovu wa metali uligunduliwa relini. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilipinduka na kuwaka moto huko Meudon baada ya ekseli ya kichwa kuvunjika. Waliokufa walizidi 50. Ekseli ile haikuwa imezidishiwa mzigo. Wahandisi walihangaika na jambo hilo hadi August Wöhler, mhandisi wa reli za Prussia, alipokaa miaka mingi ya 1850 na 1860 akizungusha vipande vya ekseli kwenye mashine alizounda mwenyewe, huku akihesabu mizunguko. Aliona kwamba mzigo mdogo sana kuliko ule unaovunja chuma kwa mara moja utakivunja ukirudiwa vya kutosha. Aliona pia kwamba kwa vyuma vingi kipo kiwango cha chini ambacho ukibaki chini yake chuma hakichoki. Grafu inayochorwa leo katika kila ripoti ya uchovu, mkazo upande mmoja na idadi ya mizunguko upande wa pili, imetokana na kazi yake.

Hesabu ya mizunguko huwashangaza hata watu wa reli. Chukua behewa la reli ya TAZARA linalopita stesheni ya Makambako, na tuseme gurudumu lake lina kipenyo cha sentimita 84. Kila mzunguko ni mita 2.64. Kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, kwa hiyo safari moja ni mizunguko zaidi ya laki 7. Ekseli ya behewa huzunguka pamoja na magurudumu yake: upande wake wa juu unavutwa na uzito wa behewa, na nusu mzunguko baadaye upande ule ule uko chini, unabanwa. Safari nane za kwenda na kurudi zinavuka mizunguko milioni 10, na hapo ndipo maabara nyingi husimamisha majaribio na kuandika kwamba kipande hakikuvunjika. Kipande cha reli kati ya Mlimba na Makambako, chenye madaraja 46 na mahandaki 18, kilikuwa kigumu kuliko vyote wakati wa ujenzi uliokamilika mwaka 1975. Chuma kinachopita hapo kila siku kinapandishwa na kushushwa kwa mikazo ambayo abiria haihisi kabisa.

Sasa printa. Ziko njia kadhaa, lakini tatu zinatosha. Ya kwanza, iliyoenea kuliko zote, hutandaza unga wa metali wenye chembe za mikroni 15 hadi 45 hivi, tabaka jembamba la mikroni 30 hadi 60, ndani ya chumba kilichojaa gesi ya agoni. Leza inapita juu yake kwa kasi ya mita moja hivi kwa sekunde, ikiyeyusha panapotakiwa. Kisha linatandazwa tabaka lingine. Kipuri cha urefu wa kiganja kinahitaji maelfu ya tabaka. Ya pili hutumia miali ya elektroni kwenye ombwe, huku unga wote ukiwa umepashwa joto la mamia ya nyuzi. Ya tatu hutumia waya na cheche ya umeme iliyoshikwa na roboti. Fundi yeyote aliyewahi kuchomelea kwa waya na gesi ataitambua: ni kuchomelea mfululizo hadi kitu kipate umbo. Njia hii ni ya haraka na ya bei nafuu, na umbo linalotoka ni la mabonde na matuta linalohitaji kukerezwa lote.

Aloi iliyochunguzwa kuliko zote ni titaniamu yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadiamu. Ndiyo ya ndege na ya nyonga bandia. Ikitoka kwenye printa ya leza bila kuguswa, huhimili mvuto wa megapaskali 1,100 hadi 1,200, wakati ile iliyofuliwa kwa njia ya zamani huwa karibu na 950. Wauzaji wa printa hupenda kuishia kwenye takwimu hiyo. Ipe mizunguko milioni 10 na picha inageuka: ile iliyofuliwa na kung'arishwa huvumilia mkazo wa megapaskali 500 hadi 600 na ushei, na ile iliyochapwa ikaachwa na uso wake mbichi hushuka hadi 200 au 300 hivi. Yenye nguvu zaidi inakufa kwa nusu ya mzigo.

Sababu ya kwanza ni vitundu. Viko vya aina tatu, na si vyote vyenye ubaya sawa. Gesi iliyofungiwa ndani ya chembe za unga huacha vitundu vidogo vya mviringo. Leza ikiwa na nguvu kupita kiasi huchimba shimo refu ndani ya chuma kilichoyeyuka, shimo hilo likaporomoka na kuacha tundu chini yake. Leza ikiwa dhaifu, au ikipita haraka mno, tabaka haliyeyuki hadi kushikana na lililo chini, na hapo hubaki mwanya bapa, wenye kingo kali, uliolala kati ya tabaka mbili. Huo wa tatu ndio muuaji. Ukivuta kipuri kwa mwelekeo wa kuyatenganisha matabaka, mwanya uko tayari umelala kukingama mvuto; ni ufa uliokwisha kuzaliwa. Kwa hiyo kipuri kile kile, kutoka unga ule ule na printa ile ile, kinaweza kudumu zaidi kikichapwa kimelala kuliko kikichapwa kimesimama, na mchoro usiosema kilisimamaje ni mchoro ambao haujakamilika.

Yukitaka Murakami wa Chuo Kikuu cha Kyushu, aliyeanza na vyuma vya kawaida zamani kabla ya printa hizi, alitoa kanuni ambayo wachapaji wameipokea kwa mikono miwili. Piga picha ya kasoro kama inavyoonekana ukiitazama kwa mwelekeo wa mvuto, pima eneo la kivuli chake, chukua kipeuo cha pili. Ukipata urefu huo pamoja na ugumu wa chuma, unaweza kukadiria mkazo ambao kipuri kitavumilia. Kuna jambo katika kanuni hiyo linalostahili kutafakariwa polepole: uimara unategemea kipeuo cha sita cha ukubwa wa kasoro. Kupunguza kitundu kutoka mikroni 100 hadi 50, kazi inayoweza kumaliza mwaka wa kurekebisha mashine, kunaongeza uimara kwa asilimia 12 tu. Ukitaka uongezeke maradufu kwa njia hiyo pekee, kitundu kipungue mara 64. Kanuni hiyo pia inasema kasoro iliyo juu ya uso hudhuru zaidi kuliko ya ukubwa huo huo iliyozama ndani.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa kwa nini bado watu hutangaza kwamba kipuri chao kimejaa chuma kwa asilimia 99.9. Uchovu haujali wastani. Unatafuta kasoro moja, iliyo kubwa kuliko zote, mahali penye mkazo mkubwa, na ikiwa karibu na uso ndiyo bora zaidi kwake. Hiyo asilimia 0.1 iliyobaki inaweza kuwa vitundu elfu vya mviringo visivyo na neno, au mwanya mmoja bapa kwenye kona. Kipuri kikiwa kikubwa, nafasi ya kuwa na kasoro kubwa inaongezeka. Kwa hiyo vijiti vidogo vya maabara huleta habari njema kuliko kipuri chenyewe, na matokeo ya vijiti kumi kutoka sahani moja ya kuchapia yanaweza kutawanyika vibaya, kimoja kikidumu mara kumi kuliko jirani yake. Mhandisi wa uchovu hupanga mahesabu yake kwa kile kibaya kabisa.

Sababu ya pili ni uso. Uso wa kipuri kilichotoka kwenye unga ni mkwaruzo mtupu: chembe zilizoyeyuka nusu zimeng'ang'ania, na kati ya tabaka na tabaka kuna vibonde. Kila kibonde ni mahali pa ufa kuanzia. Sababu ya tatu ni mikazo iliyofungiwa ndani. Chuma kinachoganda kwa kasi ya nyuzi laki kwa sekunde na zaidi husinyaa huku kimeshikiliwa na kilichoganda kabla yake, na kipuri hutoka kimejivuta chenyewe kabla ya kubeba mzigo wowote. Kipuri kikikatwa kutoka kwenye sahani yake bila kupitishwa kwanza kwenye tanuri, mara nyingine hupinda mbele ya macho ya mkataji.

Tiba zipo, na zinafanya kazi. Joto la tanuri hulegeza mikazo. Kukereza na kung'arisha huondoa uso mbichi. Kwa vitundu vya ndani kuna tanuri la kubana: kipuri cha titaniamu hukaa saa mbili hivi kwenye joto la nyuzi 920 ndani ya gesi yenye shinikizo la megapaskali 100, karibu mara elfu moja ya shinikizo la hewa tunayovuta, hadi kuta za vitundu zinakutana na kushikana. Kilichobanwa kisha kikakerezwa hufikia uimara wa kile kilichofuliwa, na pengine kukipita. Kwa maneno mengine, tatizo limetatuliwa, kwa mwenye tanuri hilo.

Isipokuwa tanuri lenyewe lina mipaka miwili. Tundu lililo wazi usoni halibanwi, kwa sababu gesi huingia humo na kusukuma pande zote sawa. Na agoni iliyofungiwa ndani ya tundu haina pa kwenda. Hubanwa tu, na kipuri kikipashwa joto kali baadaye inaweza kulifungua tena. La kuchekesha zaidi, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni hili: sifa kuu ya printa ni maumbo ambayo hayawezekani kwa njia nyingine, mifereji ya ndani inayopinda, vimia vya kupunguza uzito, nyumba ndani ya nyumba. Hayo ndiyo maumbo ambayo hakuna kisu cha mkerezaji kinachoyafikia. Pale printa inapostahili zaidi kutumiwa, uso wake hauponyeki kwa urahisi.

Pamoja na hayo, metali iliyochapwa imekwisha kukabidhiwa maisha ya watu. Air Tanzania ilipokea Boeing 737 MAX 9 ya kwanza Oktoba 2023, na injini zake za LEAP-1B zina pua za kunyunyizia mafuta zilizochapwa na GE kwa leza, pua ambayo zamani ingeungwa kwa vipande vipatavyo 20. Vikombe vya nyonga bandia vya titaniamu vilivyochapwa kwa miali ya elektroni vimewekwa kwa wagonjwa Italia tangu mwaka 2007. Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, ilianza kuchapa vipuri vya treni mwaka 2015. Huko Afrika Kusini, chuo kikuu cha teknolojia kilichoko Bloemfontein kina kituo chake cha uchapaji tangu 1997 na kimetengeneza vipandikizi vya titaniamu, na huko Pretoria taasisi ya CSIR iliunda printa kubwa ya titaniamu chini ya mradi wa Aeroswift.

Wanaofanikiwa hawa wana tabia moja. Huifunga njia yao ya kuchapa: unga wa aina hii, leza ya nguvu hii, pembe hii, na hakuna anayegusa hata kitufe bila majaribio kuanza upya. Huchapa vijiti vya majaribio kwenye sahani ile ile na kipuri, wavivunje baadaye kama mashahidi. Viwango vya NASA vya uchapaji wa metali, vilivyotoka mwaka 2017 na kupanuliwa mwaka 2021, vimejengwa juu ya nidhamu ya namna hiyo. Pia walichagua kwa busara mahali pa kuanzia. Pua ya mafuta haibebi bawa wala gurudumu.

Kwa kipimo hicho, Njombe ingechapa nini? Tuanze na kisichochapwa: springi za lori, ekseli, shafti ya propela, fimbo za usukani. Vyote hivyo vinaishi kwa mizunguko, na kikikatika kimoja kwenye mteremko hakuna wa kumwuliza. Orodha ya vinavyofaa ni ndefu na haina mvuto: vifuniko, mikono ya kufungia, mabano, viunganishi vya mabomba, nyumba za pampu zinazokwenda taratibu. Ni vitu ambavyo kuvikosa husimamisha mashine ya chai au behewa kwa wiki nzima, lakini kuvunjika kwake hakuui mtu.

Kati ya makundi hayo mawili kuna kipuri ambacho nyanda hizi zina haki ya kukifikiria kwa makini, nacho ni gurudumu la turbine ya maji. Mkoa na jirani zake vina vituo vidogo vya umeme wa maji, Uwemba, Matembwe, Madope ya Lugarawa, na Mwenga upande wa Mufindi, na mito ya kuongeza vingine ipo. Kwenye turbine ya aina ya Pelton maji hutoka kwenye pua kwa nguvu na kupiga vijiko vilivyopangwa kuzunguka gurudumu. Chukua gurudumu linalozunguka mara 500 kwa dakika likipigwa na pua mbili. Kila kijiko kinapigwa mara 1,000 kwa dakika, mara 60,000 kwa saa, na kwa mwaka usio na kusimama mara zaidi ya milioni 525. Milioni 10 za maabara zinaisha ndani ya wiki moja. Ufa huanzia kwenye shina la kijiko. Hata hivyo Andritz ya Austria imekuwa ikijenga vijiko vya Pelton kwa roboti ya kuchomelea, tabaka juu ya tabaka, juu ya sahani ya chuma kilichofuliwa. Inawezekana kwa sababu sahani yenyewe, penye mkazo mkubwa, ni ya kufuliwa. Na kwa sababu nje ya kijiko panafikika, panasuguliwa, panapimwa kwa mawimbi ya sauti. Kuagiza gurudumu la namna hiyo ni uamuzi unaoweza kutetewa. Kumpa mtu mwenye roboti mpya na hamasa alijenge hapa bila vipimo hivyo ni kukaribisha kijiko cha chuma kiruke kupitia ukuta wa nyumba ya mashine.

TAZARA ni swali kubwa zaidi. Karakana zake kuu ziko Dar es Salaam na Mpika, vifaa vyake vingi vina umri wa miongo, na Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing hati ya maelewano ya kuifufua reli hiyo. Uchapaji utatajwa, maana kila mkutano wa vipuri siku hizi unautaja. Njia ninayoiona ya karibu ni ya kuzunguka: vijana wa Dar es Salaam walikwisha kuunda printa za plastiki kutoka mabaki ya kompyuta, na printa ya plastiki inatosha kuchapa kielelezo cha kipuri, kielelezo kikawekwa kwenye mchanga, na chuma kikamiminwa kama kawaida huko kwenye viwanda vya kusubu. Chuma cha kumimina nacho kina vitundu vyake. Ila vitundu hivyo mafundi wamevizoea kwa karne nyingi, na vitabu vya kuvihesabu vipo.

Liganga nayo huwa haikosi kwenye mazungumzo haya. Mwamba huo wa Ludewa una chuma kinachokadiriwa kuwa tani milioni 126, kikiwa kimechanganyika na titaniamu na vanadiamu. Kwa hiyo metali mbili kati ya tatu za ile aloi ya nyonga na ndege zimelala ndani ya mkoa wa Njombe. Tangu Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Sichuan Hongda ya China wasaini ubia mwaka 2011 watu wamekuwa wakiota unga wa kuchapia unaotoka Ludewa. Ndoto hiyo inaruka ngazi nyingi. Mwamba ukiyeyushwa kupata chuma, titaniamu hubaki kwenye takataka za tanuri. Kuitoa humo hadi iwe metali kunahitaji klorini, magnesiamu na umeme mwingi, na kuigeuza kuwa unga wa mviringo bila kuingiza oksijeni ni kiwanda kingine kabisa. Chuma cha kawaida cha nondo na reli kutoka Liganga kingekuwa mafanikio makubwa kwa kizazi hiki.

Wakati hayo yanasubiriwa, uchapaji wa metali unaendelea Makambako kila siku bila jina hilo, kwa kijiti na mashine ya kuchomelea, na hapo maarifa ya maabara yanatumika leo hii. Shafti nyingi ni za chuma chenye kaboni ya kati, asilimia 0.4 na kidogo. Chuma hicho kikichomelewa kikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya mchomeleo hupoa ghafla na kuwa ngumu na tete. Na baridi ya Njombe ya Juni na Julai haisaidii. Kupasha shafti joto la nyuzi 200 hivi kabla ya kuanza, na kuifunika kwenye majivu makavu ipoe usiku kucha, hakuhitaji mashine yoyote ya kigeni. Vijiti vya 6013 vinavyouzwa kila duka ni rahisi kuwasha na uso wake unapendeza, lakini huingiza hidrojeni kwenye chuma. Vya 7018 huingiza kidogo, kwa sharti viwe vikavu, na boksi lililofunguliwa likaachwa kwenye ukungu wa asubuhi limekwisha kupoteza faida yake. Mistari ikizungushwa kukatiza shafti, mabonde yaliyo kati yake hulala kukingama mvuto, sawa na ile mianya bapa ya printa. Afadhali ipelekwe kwa urefu, pande zikibadilishana ili shafti isipinde. Mkerezaji asiachie kona kali pale mchomeleo unapoishia. Aiviringishe.

Kisha ukaguzi. Makopo matatu yanatosha: ya kusafishia, ya rangi nyekundu inayopenya, na ya unga mweupe. Shafti inasafishwa, inapakwa rangi, inaachwa dakika kumi au zaidi, inafutwa hadi ionekane haina kitu, kisha unapulizwa unga. Palipo na ufa, rangi iliyojificha hupanda na kujichora mstari mwekundu kwenye weupe. Ifanyike mara mbili, baada ya kukerezwa na tena siku ya tatu kabla ya kufungwa kwenye mashine, kwa sababu nyufa za hidrojeni huweza kufunguka hata saa 48 baada ya fundi kuzima moto wake.